Mtama Mwekundu Umerudi Nyumbani

Wapendwa, wengi hapa mnanijua, kila nijapo mjini, kama yule mama wa kiti cha nyuma, karibu na mlango, anayeimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Leo nimekuja mbele. Nitaongea Kiswahili chetu cha kambini, ndicho nilichokulia. Baba yangu alikuwa polisi, marehemu mume wangu alikuwa polisi, na hapa Luzira, Kampala, sisi wa kaskazini na ndugu zetu wa Kongo tunaelewana kwa hicho hicho. Majina ya watu sitayataja. Mambo yenyewe nitayasema.

Mume wangu alipofariki, nyumba ya serikali tuliirudisha. Nikapanda basi na watoto kwenda kwao, kaskazini, kwa mama mkwe. Niliogopa. Mimi mtoto wa kambi, jembe nilikuwa nimelishika kwa mchezo tu. Yule mama alinipokea kama amenizaa, akanifundisha kulima mtama. Mtama wao ulikuwa mwekundu, mrefu kupita kichwa cha mwanamume, na ukiwa shambani una uchungu kidogo, ndege wanaonja na kwenda zao. Kila mavuno alichagua masuke mazuri kabla hatujala chochote, akayatundika juu ya meko yashike moshi, wadudu wasiyaguse. Ndugu zangu, nawaambia, sikujua hata kwamba mbegu ni kitu cha kununua.

Mama mkwe alipopumzika kwa Bwana, shamba likabaki mikononi mwangu. Ndipo kampuni ikaja.

Walitukusanya shuleni. Wakala wao alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, sitamsema vibaya. Alituambia kampuni inatengeneza bia, inataka mtama mweupe, na itanunua wote tutakaovuna. Makofi yalipigwa, na mimi nilipiga. Nani angekataa soko linalokuja mpaka mlangoni?

Lakini mkataba ulikuwa na masharti. Upande mbegu yao tu. Kila msimu uchukue mpya dukani kwao, ya kwako usiweke. Na mtama mwekundu usionekane kijijini, kwa sababu ukichavushana na mweupe, nafaka yao inatoka na madoa. Basi tukaacha kupanda mwekundu. Uliokuwa ghalani tukausaga, tukala. Kijiji kizima, banange, jamani! Ikapita misimu michache tu, ukizunguka nyumba kwa nyumba hukuti suke jekundu hata la kuwaonyesha watoto.

Mwanzo ulikuwa mzuri, sidanganyi kanisani. Niliezeka mabati. Kisha ndege wakaujua ule mtama mweupe. Ni mtamu, na ndege si wajinga. Walitua kama wingu, tukashinda shambani tunapiga madebe mpaka sauti zikakauka. Hata hilo tulivumilia.

Kisha mwaka mmoja mvua ikaja mapema. Ardhi imeshalimwa, laini, inangoja. Tukaenda kwenye duka la kampuni, tukakuta kufuli. Tukampigia wakala simu.

"Mama, mbegu zimechelewa njiani," akasema. "Subirini kidogo."

Tukasubiri. Mvua haikusubiri. Mwishowe tukapanda nafaka iliyobaki ya mavuno yaliyopita, ile tuliyokatazwa kuweka. Ikatoka ovyo, maana mbegu yao haizai sawa mara ya pili: huu mfupi, ule mrefu, mwingine umesimama tu hauna suke. Wakala alipokuja kuona, alitikisa kichwa. Kampuni haiwezi kununua mtama wa namna hii, akasema, na kwa sasa wamehamia kununua upande mwingine wa wilaya.

Mnaelewa nilikuwa wapi? Nina ardhi. Nina nguvu. Mvua inaninyeshea kichwani. Sina cha kutia udongoni. Njaa ya ukame niliwahi kuisikia, lakini hii yetu ilikuja na matope miguuni.

Watoto niliwaacha kwa shemeji yangu, nikarudi Kampala. Dada yangu anakaa Kasubi, akanipa godoro na nusu ya chumba. Nikawa nafua nguo za watu. Maombi niliyaacha. Dada akianza kuomba kabla ya chakula, mimi natazama dirishani. Niliona aibu, si ya kufua, kufua ni kazi. Niliona aibu kwamba mama mkwe aliniachia kitu na kimeishia mikononi mwangu.

Siku moja nikaitwa kufua hapa hapa Luzira, kwenye nyumba za familia za askari. Nimeingia uani na beseni la maji, nikainua macho. Juu ya jiko la mkaa, chini ya paa la baraza, masuke ya mtama mwekundu yametundikwa, yamepakwa moshi. Beseni likaniponyoka.

Mwenye nyumba akatoka. Ni mjane wa mwanajeshi, mama mtu mzima, naye ni wa kaskazini ila si wa kabila langu. Akatazama maji yaliyomwagika, akanitazama mimi.

"Umekuja kufua au umekuja kukagua nyumba?"

"Kufua, mama. Lakini mtama huu, kwetu umekwisha."

"Umekwisha? Nani ameumaliza?"

Nikamweleza yote, huku nalia kama mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia pole.

"Walikuja hapa watu wawili wenye viatu vizuri," akasema. "Wakaomba masuke wakayapime. Nikawapa. Hawakurudi hata kusema asante. Tangu siku hiyo simpi mtu mbegu mlangoni."

"Basi nifanyeje, mama?"

"Nina kipande bondeni, chini karibu na ziwa. Mgongo wangu umekataa kuinama. Njoo ulime nami msimu mmoja. Nikiona unavyopalilia, tutaongea."

Nilirudi Kasubi nimekasirika. Mimi niliyefundishwa na mama mkwe, leo napimwa na mwanamke nisiyemjua! Nikamwambia dada siendi. Dada yangu hakuacha kumenya matoke.

"Sawa," akasema. "Kaa na hasira yako, tuone kama itaota."

Wapendwa, asubuhi yake nilikuwa bondeni na jembe. Nikitazama nyuma, ni hapo maisha yangu yaligeuka. Nilikuwa bado sina mbegu, lakini nilikubali kuinama tena.

Mama alikaa juu ya jerikeni iliyopinduliwa, akaniongoza kwa kidole. Pale umeacha gugu. Pale umebananisha. Tulipopumzika alinisimulia jinsi alivyozunguka na mumewe: kila kambi aliyohamishiwa, yeye alitafuta kipande nyuma ya nyumba, akapanda mtama. Wake za askari wengine walimcheka. Alinifundisha kutochagua suke kwa ukubwa peke yake. Tazama kama shina limesimama wima, kama punje zimekaza, kama lilikomaa bila kupewa nafasi ya pekee. Na siku ndege walipotua kwenye mtama wetu, wakaonja, wakaondoka, nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kama jua limenipanda kichwani. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Usiku huo huo, dada alipofumba macho kuomba, nami nikafumba.

Tulipovuna, mama aliyashusha masuke yote, akagawa kwa nusu, akanifungia yangu ndani ya kitenge chake mwenyewe.

"Sasa mikono yako naijua," akasema. Basi.

Nikarudi kaskazini. Msimu wa kwanza nilipanda peke yangu. Msimu uliofuata nikawapa majirani, kwa makubaliano kwamba anayechukua atarudisha mbegu safi kwenye kikundi, apewe mwingine. Wanawake wakaja, halafu wanaume wakaja wakijifanya wametumwa na wake zao. Njaa ikatoka kijijini kwetu, watoto wangu wakarudi mezani kwangu.

Na kampuni ikarudi pia. Wakala yule yule, shuleni pale pale, mkataba ule ule. Safari hii nilisimama.

"Mwanangu," nikamwambia, "soko lenu tunalitaka. Mbegu yetu hatuitoi. Mkitaka mweupe, tutaupanda mbali na mwekundu. Sharti la kuacha mwekundu mlifute."

"Mama, mimi natumwa tu. Masharti sikuyaandika mimi."

"Najua. Nenda kamwambie aliyeyaandika."

Akaondoka. Wengine walinilaumu kwamba nimefukuza soko, na kwa wiki kadhaa hata mimi nilikuwa natega sikio kwa gari barabarani. Lakini usingizi nilipata, maana ghala lilikuwa na kitu. Kisha akarudi. Sharti lilikuwa limefutwa, ilimradi mashamba yaachane. Baadhi yetu tukasaini, wengine hawakutaka, na hakuna aliyelala njaa kwa uamuzi wake.

Nashukuru dada yangu wa Kasubi, aliyenipa godoro na maneno makali. Nashukuru shemeji yangu aliyelisha wanangu kutoka chungu kilichokuwa tupu. Nashukuru mama wa bondeni. Yuko hapa ndani leo, amenikataza kumwonyesha kwa kidole, na nikimtaja atanirudisha kupalilia. Namshukuru Mungu, ambaye aliendelea kunisikia hata nilipokuwa natazama dirishani.

Sisemi msinunue mbegu. Nunueni, jaribuni, mvune. Ninachosema ni hiki: mtu akikuletea kitu kizuri, halafu sharti lake ni kwamba ulichonacho kife kwanza, simama umuulize kwa nini. Muulize kwa heshima, lakini usiketi mpaka akujibu.

Nimekuja na mfuko wa mtama kutoka nyumbani, mwekundu, uko pale barazani. Mwenye kipande bondeni, mwenye uwanja nyuma ya nyumba, hata mwenye gunia la udongo, tukitoka hapa aje. Nitataka kuona mikono yake.