Bi Subiri Anatuachia Siku ya Kumi

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne kazini, mkuu wa chumba cha kuoteshea mbegu katika kituo chetu atatundika koti lake jeupe nyuma ya mlango na hatalivaa tena. Faili lake lina jina refu la heshima. Sisi tunamwita Bi Subiri, na jina hilo alilipata kihalali, kama nitakavyoeleza.

Kwa ambao hawajawahi kufika kwenye chumba kile cha mwisho wa ujia, kazi yake ni hii. Kila shehena ya mbegu inayotaka kwenda kwa wakulima hupita kwanza mikononi mwake. Huchota mbegu mia nne, akazipanga mia mia juu ya karatasi mbichi ndani ya trei, akafunga mlango. Mahindi huyapa siku saba, mtama siku kumi. Kisha huhesabu zilizoota vizuri. Zikipungua themanini katika mia, magunia hayatoki.

Nimehudhuria mikutano mingi kuhusu njaa duniani, na karibu yote ilikuwa na chakula cha kutosha. Njaa huoneshwa ukutani kwa michoro ya rangi, watu wakatikisa vichwa, wakaenda kula. Hakuna hata mkutano mmoja niliosikia ukijadili trei. Lakini mkulima mwenye ekari moja na mvua moja hana michoro. Ana mbegu aliyoifukia, na asubuhi anayokwenda kutazama kama kumetokea kitu. Kisipotokea, hakuna hotuba itakayolisha watoto wake mwaka huo. Bi Subiri alilijua hilo mapema, na kwa bahati mbaya alilijua kwa kukosea.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu. Wakulima wa bondeni walileta mtama wao wenyewe, uliotoka kuvunwa, wakiomba kibali cha kuupanda msimu unaofuata. Siku ya kumi alihesabu kumi na tisa katika mia. Akaandika: haufai. Wakulima, watu waaminifu, wakausaga wakala, wakangoja mbegu kutoka mbali. Mbegu ilifika mvua za kwanza zimeshapita, na mwaka ule bondeni walipunguza mlo.

Wiki tatu baada ya hesabu ile, mama wa usafi alimwita dirishani. Trei moja ilikuwa imesahaulika nyuma ya pazia, ikimwagiwa maji na mama huyo kwa huruma tu. Ilikuwa kijani kibichi tupu. Mtama ule haukuwa umekufa. Ulikuwa umelala, kama mtama mbichi kutoka shambani unavyopenda kulala, na yeye aliuandikia cheti cha kifo.

Angeweza kuitupa ile trei na kunyamaza. Wangapi kati yetu wangefanya tofauti? Yeye alipanda basi, trei mapajani, akaenda bondeni kusimama mbele ya watu aliowakosesha mbegu. Wanasema bibi mmoja mkulima alimtazama juu hadi chini akamuuliza: “Mwanangu, kwa hiyo na wewe ukisinzia, tukuzike?” Watu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini swali lile hakulisahau. Tangu siku hiyo, mbegu isiyoota haiiti maiti mpaka aibonyeze kwa koleo dogo, moja baada ya nyingine. Iliyo ngumu imelala. Huiweka kwenye baridi, akaijaribu upya. Iliyo laini imekufa kweli. Mumewe, fundi wa redio, hulalamika kwamba nyumbani kwao hata maharage hayaingii sufuriani kabla ya kubonyezwa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mvua zilipokataa misimu miwili mfululizo, tuliletewa msaada wa mbegu za mahindi. Magunia yalikuwa mazuri, yamepigwa mihuri hadi pembeni. Malori yalipanga foleni getini, na wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wanatabiri mvua baada ya wiki mbili. Siku ya nne wakubwa waliingia chumbani kwake kutaka hesabu. Zilikuwa thelathini na nane katika mia. Wakasema hiyo ni baridi ya chumba tu, atie sahihi, watu wana njaa. Akajibu neno moja: subirini. Dereva mmoja wa lori alimpigia kelele dirishani: “Mama, sisi tukikaa hapa siku moja zaidi tutaota mizizi!” Akamjibu kwamba basi atamhesabu. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Lazima niseme na hili, maana nisipolisema atalisema yeye. Katika jarida hilihili niliandika ukurasa mzima wa kumshutumu, chini ya kichwa “Watu Hawali Trei”. Nilimwita mtumwa wa taratibu. Aliusoma, akasahihisha makosa mawili ya tahajia kwa kalamu nyekundu, akanirudishia.

Siku ya saba zilikuwa arobaini na moja. Akazibonyeza zile hamsini na tisa zilizobaki katika kila mia, mbele yetu sote. Zilipondeka kama sabuni iliyolowa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba siku zile hakuwa amekaa tu. Siku ya kwanza alishapiga simu bondeni kuuliza nani ana mtama ghalani. Waliouliza ni nani huyo anayepiga waliambiwa: ni yule aliyekuja na trei kuomba radhi. Magunia yakafunguliwa bila ubishi. Mtama ule, uliokwishakaa ghalani ukaamka, ulitoa tisini na tatu katika mia, na malori yaliyokuwa yakitutukana getini ndiyo yaliyokwenda kuubeba. Uliwahi mvua. Sitasema kila mtu alishiba mwaka ule, hawakushiba wote. Lakini mashamba yaliota, na waliopanda walivuna.

Sasa kuna pendekezo mezani. Linasema tuende na wakati, mbegu zote zihesabiwe siku ya nne, ripoti zitoke haraka. Walioliandika ni watu wenye nia njema, kama nilivyokuwa mimi nilipoandika ule ukurasa wangu. Nawaomba waingie chumbani kwake kabla ya Ijumaa na kumuuliza habari za ile trei ya dirishani. Njaa ina haraka, sawa. Mbegu haijui kwamba tuna haraka.

Tarehe 21 Bi Subiri alipanga trei zake nne za mwisho, mtama wa bondeni. Piga hesabu mwenyewe: siku ya kumi ni Jumatatu ya tarehe 31, naye hatakuwepo. Angeweza kupanga mapema aondoke na jibu lake. Hakutaka, mtama ulifika tarehe 21. Kwenye lebo ameandika tarehe, na chini yake swali: nani atahesabu? Leo asubuhi nimeweka sahihi yangu hapo, na msaidizi wake ameweka yake, na koleo dogo tumeachiwa.

Asante, dada yetu mkubwa, kwa kila gunia ulilolizuia na kila ulilolifungulia njia. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele, na mume ambaye hatimaye atapika maharage bila kukaguliwa. Jumatatu tutahesabu, si kabla. Jibu tutakuletea nyumbani.

Safari hii, subiri wewe.