Bi Nasriya na Ulimi wa Kuazima

Mwenyeji njoo, mgeni apone. Wasikilizaji wapendwa, najua mmezoea kuisikia kinyume chake. Leo naigeuza, kwa sababu tunamkumbuka mwanamke aliyeigeuza kwa miguu yake. Kila Ijumaa baada ya Alasiri aliwakusanya wenyeji wa Maskati akawatembeza kwa wageni, wakale.

Ni Bi Nasriya wa Sib, mzaliwa wa Unguja, aliyetutoka wiki iliyopita. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Katika mtaa wa Azaiba, nyuma ya barabara kuu, pana kichochoro cha mikahawa na maduka ya Wachina. Watu walikuwa wakipita na magari, vioo vimefungwa. Bi Nasriya alipita kwa miguu. Aliingia jikoni kwanza, akauliza nyama imechinjwa na nani, ndipo akawaita watu wake. Jiko alilolipenda lilikuwa la Bi Ma, Mchina Muislamu, anayevuta tambi kwa mikono mpaka ziwe nyembamba kama uzi wa kudarizia kofia.

Na alikuwa na desturi moja. Watu wakishakula, aliuliza, "Haya, niambieni. Ina ladha gani?" Ukimjibu "tamu", umejitafutia.

"Tamu kama nini? Halua tamu, usingizi mtamu. Nambie sawasawa."

Rufus, Mkenya anayefanya kazi ya ulinzi hapo Azaiba, anaikumbuka siku yake ya kwanza. "Nikamwambia, mama, hii si supu, hii ni kuweka waya ya stima kwa ulimi. Akacheka. Akaniuliza, na nyuma ya hiyo stima kuna nini? Sasa hapo nikafikiria. Nikamwambia kuna ndimu. Ndimu na mbao mpya."

Wote walidhani maswali yale ni ufundi wa kutembeza watu. Haukuwa ufundi, wasikilizaji wapendwa. Turudi nyuma kidogo.

Katika ukoo wao, Bi Nasriya ndiye aliyeonja masufuria ya harusi. Hapakupakuliwa biriani mpaka aonje, aseme, "Imekaa." Likaja gonjwa la korona. Akaugua, akapona, lakini pua haikurudi wala ulimi haukurudi. Wali na karatasi vikawa kitu kimoja. Hakumwambia mtu.

Ikafika harusi ya Rawan, binti wa kaka yake. Akaitwa kwenye sufuria. Akaonja. Akasema, "Imekaa."

Haikukaa. Ilikuwa chumvi tupu. Wageni walikunywa maji mpaka yakaisha ukumbini. Mama wa bibi harusi, Bi Mahfoudha, wifi yake Bi Nasriya, akaapa hatamsemesha mpaka aombe radhi. Bi Nasriya hakuomba. Wala hakueleza. Mwonjaji asiyeonja angeanzia wapi kueleza?

Basi siku moja gari lake likaharibika Azaiba. Akaingia kwa Bi Ma kusubiri fundi, akaagiza supu ili asikae bure. Supu ile ina vipunje vyekundu, pilipili ya kwao, inayotia ulimi ganzi. Ladha hakuipata. Lakini ulimi ulitetemeka. Ulimi aliodhani ameshauzika ukaguswa, ukaitika.

"Alilia," anasema Bi Ma. "Mimi nikadhani supu mbaya."

Wiki iliyofuata alirudi na majirani. Akawa anakula kwa ndimi zao.

Habari zikamfikia Bi Mahfoudha. Msikilizeni mwenyewe: "Mie nilikwenda kumcheka. Nikasema nikamuone huyu asiyejua chumvi anavyofunza watu kula. Alipogeuka kuzungumza na Bi Ma, nikamtilia chumvi bakulini, kijiko juu ya kijiko, nikamwambia, onja basi, wifi, wewe si ndiye mwonjaji? Akanywa. Hakufinya hata jicho. Akasema, nzuri. Nikakiweka kijiko chini. Nikamuuliza, wifi, tangu lini? Akanambia, tangu korona."

Kuanzia Ijumaa ile walikaa bega kwa bega. Bi Mahfoudha akila, anamnong'oneza: hii tangawizi yake inachelewa, hii ina moshi kidogo, kama samaki wa kuchoma wa pwani ya Yiti. Bi Nasriya akifumba macho, akitafuna, akisikiliza.

Alipolazwa mara ya mwisho, wifi yake alimchokoza. "Nikamwambia, nna kiapo changu nlikivunja bure. Hebu sasa niombe radhi ya ile biriani. Akanambia, siombi. Ingekaa, ungenijia?"

Msibani, jirani na jamaa walileta vyakula. Bi Ma naye akaleta sufuria ya supu, akasimama nayo mlangoni, hajui kama aingie. Wanawake walitazamana. Bi Mahfoudha akainuka, akachota, akaonja mbele yao wote. "Imekaa," akasema. "Pakueni."

Kwa Bi Mahfoudha, kwa Rawan na ukoo mzima, na kwa Bi Ma na wenzake wa Azaiba, tunatoa mkono wa pole. Mungu amrehemu Bi Nasriya. Nasi tujiulize: ni nani tunayekula naye sinia moja, na hatujawahi kumuuliza anasikia ladha gani?

Ni desturi yetu kumuombea marehemu radhi kwa kila aliyemkosea. Kwa mengine yote, msameheni. Ila nyinyi wageni wa harusi mliotuletea ujumbe, mkitaka redio hii iombe radhi kwa ile biriani: mwenyewe hakuomba. Na mimi siombi.