Bi. Lenah Nanyama, Mlinzi wa Sahihi za Wanariadha

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Bi. Lenah Nanyama anastaafu baada ya kulitumikia Jumba letu la Kumbukumbu za Michezo, Kitale, kwa miaka kumi na tisa.

Alitoka Kibabii akaajiriwa kama mpiga taipu. Mwaka wa 1980 alikabidhiwa kabati la sahihi za wanariadha, pamoja na muhuri wa kuthibitisha kwamba sahihi ni ya kweli. Sheria zake tunazijua: mikono ioshwe, chai ibaki nje. Hata mgeni wa heshima aliwahi kuiacha yake dirishani ikapoa, na hakulalamika.

Mwaka wa 1989 mfanyabiashara mmoja alituletea picha kumi na mbili za Rotich, mkimbiaji wa Kapsokwony, kila moja ikiwa na sahihi na tarehe ya 1982. Maonyesho yetu ya Bungoma yalikuwa yamebakiza wiki moja. Tukazilinganisha na sahihi yake ya 1987 iliyomo kabatini: zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Bi. Lenah akakataa kuzipiga muhuri. Alipoulizwa sababu, akafunga kabati na kuendelea na kazi. Mwenyekiti akataka atoe sababu kabla ya maonyesho, la sivyo arudishe ufunguo na aende zake. Kamati ikapiga kura, nami niliinua mkono kumpinga.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka wa 1982 Rotich hakujua kuandika. Alitia kidole gumba, na Bi. Lenah ndiye aliyemshikia wino. Baadaye Rotich alisoma ngumbaru, akamwomba asimwambie mtu. Neno moja lingeiokoa kazi yake, naye hakulisema. Alipanda Kapsokwony kumweleza Rotich kwamba jina lake linachezewa, akarudi, akaanza kufungasha vitu vyake.

Siku ya maonyesho Rotich alifika mwenyewe, akaomba wino, akabonyeza kidole mbele ya wageni.

"Mwaka ile, sahihi yangu ilikuwa hii," akasema. "Huyu mama amenifichia aibu, na nyinyi mnataka kumfukuza? Hapana, bana."

Picha zikarudishwa zilikotoka, na Bi. Lenah akabaki na kabati lake.

Jumatatu muhuri unakuja kwangu. Mama Lenah, miaka sita nimeshindwa kukuomba msamaha kwa kura ile. Nakuomba leo, mbele ya wote. Asante kwa kazi yako. Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha huko Kibabii. Sahihi yangu ni hii hapa, ichunguze upendavyo.

Jotham Wabwile