Sikufungua Ghala la Mbegu

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Chakula, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mkurugenzi wangu, ambaye mpaka tumalize kula bado una haki ya kunifukuza kazi. Viongozi wa vyama vya wakulima. Wafanyakazi wenzangu wa Ghala la Mbegu. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi mliochagua viti vya nyuma karibu na masufuria, ambao kwa kweli ndio wenye akili humu ndani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji amenimwagia sifa nyingi. Amesema mimi ni mpole, mkarimu, mwepesi wa kutoa. Nikageuka nyuma nimtazame huyo anayesemwa ni nani. Jamani, tusidanganye mbele ya Waziri! Mtaani kwetu naitwa Bi Mchoyo. Muuza mkaa ananiita hivyo, watoto wananiita hivyo, hata fundi niliyemwita aje kurekebisha mlango aliwauliza majirani, "Kwa Bi Mchoyo ni wapi?" akaletwa mpaka kizingitini. Jina hilo sikulipata kwa kuwa na mkono wa birika nyumbani kwangu. Nililipata kazini. Na kwa kuwa leo naaga kazi hiyo, naomba niwaeleze nililipataje, maana vijana wengi humu mnalijua jina lakini kisa hamkijui.

Mwaka ule wa giza, sisi wa umri wangu hatuukumbuki kichwani tu, tunaukumbuka tumboni. Mvua zilikata, bwawa likakauka, umeme ukaenda zake. Tukasema si neno, tutawasha jenereta. Lakini mafuta ya jenereta huja kwa meli, na meli nazo zikaacha kuja, kwa sababu huko zinakotoka walikuwa na vita vyao na balaa zao, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutuuliza sisi huku tumekula nini. Mwanzoni tulifanya mzaha. Majirani walikaa barazani wakisema afadhali, sasa tutalala mapema.

Kisha mkate ukatoweka, maana ngano ilikuwa ya nje. Mchele ukatoweka, nao ulikuwa wa nje. Mafuta ya kupikia, vivyo hivyo. Mahindi ya kwetu yalikuwepo kiasi, lakini mashine za kusaga zote zilikuwa za umeme, basi ungewakuta watu wazima, wenye elimu zao, wamekaa mbele ya gunia la mahindi wakilitazama tu. Pampu za maji kimya. Vyumba vya baridi vikawa vya moto, na samaki waliokuwa ndani, msiniulize. Je, si sisi tuliokuwa tunatangaziwa kila mwaka kwamba nchi hii inajilisha? Tulikuwa tunalishwa, ndugu zangu, tunalishwa kwa kijiko, na aliyeshika kijiko alikuwa mbali na amechoka.

Sasa, katika wilaya nzima, jengo moja lilikuwa limejaa chakula. Ni hili ghala letu. Mahindi, mtama, kunde na maharage, mapipa yamepangwa mpaka ukutani. Na mbegu zetu, kama mnavyojua, hatuzipaki sumu. Mbegu za dukani hupakwa dawa nyekundu, mtu hata awe na njaa namna gani hazitii chunguni. Sisi tunachanganya na majivu na majani makavu ya mwarobaini, basi. Ukizipeta na kuziosha, unapika, unakula, unalala vizuri. Hilo kila mtu alilijua. Ndiyo maana walikuja wote mlangoni kwangu.

Mheshimiwa Waziri, naona umeanza kutabasamu. Tabasamu tu, kwa sababu na wewe ulikuja. Wakati huo ulikuwa Mkurugenzi wetu, kijana mwembamba mwenye tai. Ukaniambia, "Mama, fungua. Watu wana njaa."

Nikakujibu, "Nikifungua leo watakula siku chache. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo Mungu yupo."

"Mungu yupo, mwanangu, lakini sijamwona akiotesha mahindi yaliyochemshwa."

Ukakasirika. Ukasema ni amri. Nikakwambia sawa, nifukuze, kisha fungua mwenyewe, ili mvua ikirudi na watu wakiuliza mbegu iko wapi, wewe ndiye utawaambia iliingia sufuria gani. Ukaketi juu ya pipa, bwana, watu wakikusubiri nje. Nataka wote humu wajue kwamba heshima niliyonayo kwako haikuanza ulipopewa uwaziri. Ilianza pale, kwa sababu ulikuwa na mamlaka ya kunisukuma pembeni na hukunisukuma.

Ndipo tukaweka ile sheria. Nilitoka nje nikawaambia watu: mbegu zipo, na ni zenu, lakini hakuna atakayepata hata konzi kabla hajanionyesha shamba lililolimwa. Jembe kwanza. Lo! Matusi niliyoyasikia siku hiyo sitayarudia mbele ya viongozi wa dini. Lakini hasira nayo ni nguvu. Watu waliondoka wakinitukana na kwenda kulima ili waje wanikomeshe. Walilima uwanja wa mpira, goli kwa goli. Walilima ua wa hospitali, na manesi wakitoka zamu wanashika majembe. Walimu walilima mbele ya madarasa. Na wewe, Mheshimiwa, uling'oa maua yote ya mbele ya ofisi yako, maua aliyoyapanda mkeo, ukalima na tai yako shingoni, na mkeo amesimama dirishani amejishika kiuno.

Nilikuwa napita na kukagua. Nachimba kwa kidole. Aliyekwaruza juu juu nilimrudisha. Nilichukiwa, ndugu zangu, na nilistahimili kuchukiwa, maana nilijiambia watu hawa wakivuna watanisahau, na mtu kusahauliwa akiwa ameshiba si vibaya.

Lakini kuna chuki moja ambayo nilishindwa kuistahimili, na hiyo sijawahi kuisema hadharani.

Mama yangu mzazi alikuwa akiishi kwa kaka yangu. Alikuwa mzee sana, hana meno, hali kitu ila uji. Mke wa kaka, wifi yangu, ndiye aliyekuwa akimtunza, na alimtunza kuliko nilivyomtunza mimi. Akaja ghalani na kibakuli. Hakuja na kelele kama wengine. Alisema, "Wifi, sijiombei mimi. Nipe mtama wa uji wa mama. Vikombe viwili tu."

Nilikuwa nimempelekea mama sehemu yangu ya unga wa nyumbani mpaka ukaisha. Sikuwa na kingine. Nyuma yangu kulikuwa na mapipa ya mtama, na mbele yangu alikuwa wifi yangu na kibakuli, na nyuma yake, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na watu wakitazama nitafanya nini. Mngefanya nini ninyi? Msinijibu haraka. Nilijua nikimpa yeye vikombe viwili, kila mwenye mama atakuja, na nani hana mama?

Nikasema, "Hapana, wifi."

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Akageuka akaenda. Na jioni ile ile alianza kulima nyuma ya nyumba, akilia na kunilaani, majirani wote wanasikia.

Mvua zilirudi. Tuligawa mbegu mpaka tukafagia sakafu ya ghala. Wilaya yetu ilipanda, na tulipovuna, tuliwapa mbegu majirani zetu wa pande zote, ambao walikuwa wamekula zao. Hayo mnayajua, ndiyo yaliyosomwa hapa katika sifa. Ambalo halikusomwa ni kwamba mama yangu alikufa mtama ukiwa umefika magotini. Daktari alisema ni umri na moyo. Wifi yangu alisema ni mimi. Nami sijui. Mama alikufa akiwa amenikasirikia, na naomba mtu asije akaninong'oneza baada ya hotuba hii kwamba kimoyomoyo alikuwa amenisamehe. Hakunisamehe. Iliniuma, inaniuma, na kama ingerudi siku ile ningesema hapana tena, na ingeniuma tena.

Mheshimiwa Waziri, nimesema yote haya kwa sababu ya karatasi iliyo mezani kwako. Tumesikia kuna mpango wa kulifunga Ghala la Mbegu, jengo liwekwe unga kutoka nje, na mbegu ziwe zinaagizwa kila msimu. Wataalamu wako wametueleza vizuri, kwa picha za ukutani. Mbegu za kisasa, zimekuja ndani ya pakiti, zinatunzwa kwenye chumba cha baridi. Mimi siyo adui wa chumba cha baridi. Wenzangu wamenizawadia jokofu leo, na nimelipenda, asanteni sana. Lakini naomba niulize kama mtu wa kawaida. Hicho chumba cha baridi kitapozwa na nini umeme ukikatika? Hizo pakiti zitaletwa na nini meli zisipokuja? Na mkulima aliyezoea kununua mbegu kila mwaka, akasahau kuchagua hindi zuri na kulitunza, siku hiyo atamwendea nani?

Unga unalisha watu mpaka gunia liishe. Ghala la mbegu, na mashine chache za kusaga kwa mkono, na visima vya kamba, na watu wanaojua kulima, hivyo ndivyo vinavyofanya nchi iwe na msimu mwingine. Leteni vya kisasa, tutavipokea kwa mikono miwili. Lakini hili hatuliondoi. Nasema hatuliondoi, na sisemi kwa jeuri ya mtu anayestaafu. Vyama vya wakulima viko hapa. Wamelima msimu huu shamba la mbegu kwa nguvu zao bila kungoja bajeti, na walichovuna kimo ndani ya mapipa sasa hivi. Ukitaka kufunga, Mheshimiwa, itabidi uje wewe mwenyewe usimame mlangoni, kama ulivyosimama mara ile. Nakujua. Ndiyo maana sina wasiwasi nawe.

Limebaki moja. Wakulima waliniomba nipendekeze atakayekuja baada yangu. Nilifikiria wengi, wenye vyeti na wenye maneno mazuri. Nikampendekeza wifi yangu. Amekaa pale, safu ya pili, amenuna. Amesomea kazi hii, ameifanya kwenye mashamba ya chama kwa miaka mingi, na anajua mbegu inagharimu nini kuliko mtu yeyote humu, kwa sababu gharama yake aliilipa yeye na hakuulizwa.

Tangu msiba ule hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Juzi alikuja nyumbani, akakataa kiti, akakataa chai. Akaniuliza, "Kukiwa giza tena, na wewe ni mzee huna meno, na wanao wakaja kwangu na kibakuli, nifanye nini?"

Nikamwambia, "Wanyime, wifi. Wape jembe."

Ndipo akakaa.

Kwa masikio yenu mliyoniazima, kwa kunichukia bila kunipiga, na kwa kulima, nawashukuruni sana. Karibuni chakula.