Damu Haijui Imetoka Mwilini: Tunamuaga Madam Peres Were wa Benchi la Sukari

Ijumaa hii, Madam Peres Were anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu. Ofisi imeniomba niandike wasifu mfupi, wenye furaha, na usiomkwaza mtu yeyote. Ufupi nitajaribu. Furaha ipo, kwa kuwa tumecheka sana na huyu mama. Hilo la tatu lisahauliwe. Nina hasira, na sioni kwa nini niifiche siku anapoondoka mtu ambaye hakuwahi kuificha yake.

Peres alitoka Ugenya na diploma yake mpya, akapangiwa benchi la sukari, yaani meza ya kupimia sukari ya damu, katika tawi letu kuu la Waiyaki Way, wakati ile barabara ya juu inayopita hapo sasa haijawaziwa na mtu. Benchi lile halikuwa likigombaniwa. Waliotaka sifa walikimbilia vipimo vya saratani. Yeye aling'ang'ana na glukosi, akaisomea hadi shahada, na hata alipokabidhiwa maabara nzima alikataa kuhamisha kiti chake. Alisema kila chenye uhai kinaendeshwa na sukari hiyo, kuanzia ubongo wa daktari hadi hamira ya mkate, na kwamba asiyeiheshimu akatafute kazi benki.

Kila mfanyakazi mpya alipokelewa na Peres kwa ugali. Si mlo, ni tonge moja kavu, bila mboga. Unalitia mdomoni, unatafuna, na huruhusiwi kumeza. Siku yangu ilipofika nilisimama katikati ya maabara na sare mpya, mashavu yamejaa, mkurugenzi akapita na kunisalimu nami nikabaki kumtolea macho. Ukitafuna kwa muda, ugali unaanza kuwa mtamu. Hapo ndipo anapokuuliza, "Umeskia?" Kisha anakueleza kwamba wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, kwamba ulimi hauonji utamu wakati mnyororo ni mzima, na kwamba mate ndiyo yanayoukatakata kuwa vipande vidogo vya sukari. Madaktari wametafuna. Wahasibu wametafuna. Askari wa getini alitafuna akaomba la pili, na mchuzi.

Na mwaka ule ofisi ilipochanganya idara zetu bila kutuuliza, Peres aliingia mkutanoni na bua la mahindi pamoja na gunzi lenye punje, akavibwaga mezani mbele ya mameneja. Akawaeleza kwamba vyote viwili vimejengwa kwa glukosi ileile. Kwenye punje imeunganishwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu linaweza kuivunja. Kwenye bua imeunganishwa kwa namna nyingine, na wewe ukilila utabaki na njaa yako. Ng'ombe ndiye mwenye vijidudu tumboni vya kulimudu. "Sasa hata sisi," akasema, "wafanyakazi ni walewale. Ni vile tu mmetuunganisha vibaya." Mkutano uliishia kwa kicheko. Bua lilikaa juu ya kabati la ofisi hadi likaota ukungu, na hakuna aliyethubutu kulitupa.

Sasa niingie kwa yale ambayo ofisi ingependa niyaruke. Mimi ni muuguzi katika kliniki yetu ndogo ya Mutuini. Hadi mwaka jana hatukuwa na mashine ya kupima sukari. Damu ya akina mama wajawazito tuliichukua asubuhi, ikangoja sanduku lijae, ndipo pikipiki ikaipeleka Waiyaki Way. Damu ya kupimwa sukari huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ndani ina chumvi maalumu ya kuzuia chembe za damu zisiile sukari hiyo. Peres alikuwa akitukumbusha kila alipotuona kwamba damu haijui imetoka mwilini. Chembe zake bado ziko hai, chakula chake ni glukosi, na zikifungiwa nayo chupani zitaendelea kuila, na joto likizidi zitaila haraka zaidi. Chupa za kijivu zilipoisha, Bwana Waithaka, meneja wetu wa shughuli anayekaa ofisi kuu katikati ya jiji, alitutumia za kifuniko chekundu, ambazo hazina chumvi hiyo. Tulipolalamika, akajibu kwamba chupa ni chupa.

Majibu yakaanza kurudi mazuri. Wiki nzima hakuna mama wa Mutuini aliyekuwa na sukari nyingi, hata mmoja. Miongoni mwao alikuwa Ivyne, anayeuza mitumba karibu na Dagoretti Corner. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwisho, mtoto akazaliwa mkubwa kupita kiasi na akafa siku ileile. Hii ilikuwa ya pili. Daktari wetu wa wajawazito, Dkt. Prachi, alikuwa na wasiwasi naye, kwa kuwa sukari nyingi ya mama hukuza mtoto kupita kiasi tumboni, lakini majibu yalisema yuko sawa, akamruhusu aende nyumbani.

Peres alipoyaona majibu ya Mutuini yakiwa yamejipanga chini namna ile, hakufurahi hata kidogo. Alimpigia Waithaka simu na kuiweka kwa sauti ya juu ili maabara nzima isikie.

"Lakini madam, chupa imefungwa," Waithaka akasema. "Sukari itatorokea wapi?"

"Haitoroki, inaliwa!" Peres akafoka. "Wewe Waithaka, nikikufungia kwa gari na sahani ya chapati kutoka Mutuini hadi huku, na hiyo jam yote ya magari, utafika nazo? Basi! Damu imekula kwa njia, nyinyi mnasoma masalio!"

Aliyafuta majibu yote ya wiki hiyo. Kwa kazi hiyo alipewa onyo rasmi la kuchelewesha huduma, na onyo hilo halijaondolewa hadi leo, wakati ambapo tunaombwa kumpigia makofi. Kesho yake aliteremka kutoka kwa boda boda mbele ya kliniki yetu akiwa ameipakata mashine ndogo ya sukari kama mtoto mchanga. Tukawaita akina mama wote upya, tukawapima palepale, damu ikiwa bado na joto lake.

Sukari ya Ivyne ilikuwa juu sana. Alikataa kuamini. "Madam, si ati nabisha, lakini mimi hata chai nakunywa ya strungi, bila maziwa, bila sukari. Nyumbani ni ugali tu na sukuma."

Peres alifungua mkoba akatoa tonge. Tulingoja, sisi na akina mama waliokuwa kwenye benchi, Ivyne akitafuna huku ameshika tumbo. Mara akatuangalia. "Ai! Imekuwa tamu!"

"Hiyo ndiyo sukari yako, mamangu. Ilikuwa imevaa nguo ingine tu."

Alipunguziwa ugali, akafundishwa kujidunga insulini, na Dkt. Prachi akamfuatilia hadi mwisho. Alijifungua msichana, wa ukubwa wa kawaida, mwenye sauti kubwa. Juzi alikuja kuchanjwa akaniuma kidole. Kila nikikitazama kidole hiki nakumbuka kwamba kama chupa ingekuwa chupa, huyo mtoto hangekuwepo.

Mashine ikabaki Mutuini, katika chumba kidogo tulichokigeuza maabara, Peres akaniachia ufunguo wake, nasi tukadhani neno limekwisha. Wiki hii limetoka tangazo, siku moja na kadi ya kumuaga Peres. Kadi inasema mchango wake hautafutika. Tangazo linasema kuanzia Jumatatu maabara ya Mutuini inafungwa, mashine inapelekwa kwenye tawi jipya la Muthangari, na damu ya akina mama wetu itarudi kwenye pikipiki. Yaani hawakungoja hata kiti chake kipoe. Nimeandika mengi ya adabu katika jarida hili la hospitali, lakini hilo ni jambo la aibu, na aliyeliamua anajua amelifanya sasa kwa sababu Peres hatakuwepo kumpigia simu.

Hafla ni saa sita mchana, kantini ya tawi kuu. Bwana Waithaka atakuwa mzungumzaji mkuu, na bila shaka atasema tutamkosa. Keki haitakuwepo, mstaafu ameikataa. Kutakuwa na ugali, na kwa kuwa katika miaka yake yote hapa Bwana Waithaka amekuwa akikwepa tonge lake, tumemwekea kiti mbele kabisa.

Madam Peres, asante kwa ukali wako wote. Nenda Ugenya ukalime mahindi, ukayaangalie majani yakijitengenezea glukosi kwa jua la bure bila kuitisha mkutano. Tunakuombea miaka mingi, miguu yenye nguvu na majirani wanaojua kunyamaza. Kuhusu Jumatatu, lala usingizi. Wauguzi wa Mutuini tumekubaliana kwamba hakuna damu ya kupimwa sukari itakayopanda pikipiki. Mashine iko ndani, mlango umefungwa, na ule ufunguo ulioniachia uko kwenye mfuko wa sare yangu. Anayeutaka aje Mutuini mwenyewe, na aje na njaa, kwa maana kwanza atatafuna.

Ndanu Kasyoki, muuguzi, Mutuini