Kibao cha Bi Miwani

Benchi letu liko mbele ya karakana ya baiskeli ya Spana, na ng'ambo ya barabara, hatua kama thelathini hivi, ndipo lilipo duka la Bi Miwani, fundi wa miwani. Mimi ndiye ninayemimina kahawa hapa, kwa hiyo nikisema benchi hili halina aibu, nasema kwa ushahidi. Leo mchana Bi Miwani alikwenda mbele ya kamati ya mipango miji kuomba kibao kikubwa kuliko sheria inavyoruhusu. Sheria inataka herufi zisizidi urefu wa vidole vinne. Yeye anataka za mkono mzima, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Akikataliwa, mwisho wa mwezi anahamia karibu na hospitali, maana hapa wateja wanampita. Spana na Wakili walimsindikiza. Wakili si wakili, alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na sita, lakini usithubutu kumkumbusha. Mama Ndoo, muuza vyombo vya plastiki, alibaki kulinda meza yake, na sasa anataka kusikia yote.

Mama Ndoo: Haya, semeni. Aliingiaje?

Wakili: Kama mwenye nyumba. Mimi nimeona majambazi sugu wakitetemeka mbele ya meza fupi kuliko ile. Yeye wala.

Spana: Shemeji yangu huyo. Siku marehemu kaka anamleta nyumbani, nilisema hapa tumepata mtu.

Mama Ndoo: Ulisema ana maringo.

Wakili: Mtu anaruhusiwa kukata rufaa dhidi ya maneno yake mwenyewe. Sikiliza, mama. Kwanza aliisifu sheria. Akasema, "Waheshimiwa, sheria yenu ni nzuri. Ila mliitunga kwa ajili ya watu wanaoona. Wateja wangu wanakuja kwangu kwa sababu hawaoni." Akakaa.

Mama Ndoo: Akakaa tu?

Wakili: Akakaa tu.

Nikawajazia vikombe bila kuombwa. Maneno kama hayo yana haki ya kahawa.

Spana: Walipomuuliza mfano, akawapa habari ya yule bibi aliyeingia kwa kinyozi akidhani ndiko kwa shemeji. Bibi wa watu akakaa kitini, akasubiri kupimwa macho, akatoka amenyolewa.

Mama Ndoo: Alipendeza lakini.

Wakili: Mwenyekiti alicheka, akajizuia, akacheka tena. Ila mjumbe mmoja mwembamba akapinga. Eti tukimruhusu huyu, kesho muuza magodoro ataomba kibao cha ukubwa wa godoro.

Mama Ndoo: Naye ana lake. Chema chajiuza.

Wakili: Kwa anayekiona, mama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama Ndoo: Ukuta umeingiaje hapa?

Wakili: Kibao utakitundika wapi, hewani?

Tukalitafakari hilo. Wakili ana kipaji cha kuchomeka methali isiyohusika ikakaa pale kwa raha zake.

Spana: Mimi nawaambia kwa nini walimwogopa. Aliwatazama wote watano, mmoja mmoja, taratibu. Fundi wa macho akikutazama, ameshajua kwamba hiyo karatasi umeishika lakini huisomi.

Wakili: Zaidi ya hapo. Ile taa yake ndogo inaona mpaka nyuma ya jicho. Na nyuma ya jicho kuna nini? Mawazo. Amepima wakubwa wangapi mji huu? Yule mama ana siri za nusu ya serikali.

Mama Ndoo: Ndiyo maana mume wangu hataki kupimwa.

Spana: Na hicho kibao kikipanda, hata rubani atakiona kutoka juu. Ndege itapunguza mwendo.

Mama Ndoo: Rubani asiyeona anarusha ndege ya nini?

Spana: Ndiyo maana atashuka apimwe.

Mama Ndoo: Wacha mambo yako. Mwisho wakasemaje?

Hapo Spana akatazama chini.

Spana: Wawili wamekubali, wawili wamekataa. Mwenyekiti hajasema lake. Anatuma mtu leo aje kupima mambo hapa hapa, ndipo aamue.

Nasema wazi, sitaki aondoke. Alifiwa na mume mwezi wa pili tangu wafungue duka, na wiki iliyofuata alifungua mlango peke yake, akaendelea kusaga vioo. Mwaka wa kumi na moja huu. Namheshimu mpaka naona haya kumtoza kahawa.

Hatukukaa sana akaja dada mmoja wa makamo, jalada kwapani, futi ya kupimia mkononi. Akasalimia vizuri. Wakili akamkaribisha kahawa.

— Asante, baba, niko kazini. Mnakaa hapa kila siku?

— Kila siku, akasema Wakili. Ukitaka mashahidi, umefika.

— Basi nina swali moja tu. Hicho kibao cha duka la miwani, hiki cha sasa, kimeandikwa nini?

Tukageuka wote. Wakili akakunja uso. Spana akapiga hatua mbele, dada akamwomba arudi alipokuwa.

— Sisi tunajua ni duka la miwani, akasema Mama Ndoo.

— Sikuuliza mnajua nini, mama. Nimeuliza kimeandikwa nini.

Nami nilitazama. Miaka kumi na moja namimina kahawa nimekielekea, na nilichoona ni mstari wa sisimizi. Wenzangu nao wakafinya macho bure. Dada akapima barabara, akaandika ukurasa mzima, akachukua majina yetu na kazi zetu, akaaga.

Wakili alinitia huruma. Alikiinamia kikombe chake kama aliyemuuza mtu wake mwenyewe.

Bi Miwani akavuka barabara, kitambaa cha kufutia vioo bado mkononi.

— Amewauliza nini?

— Tusamehe, shemeji, akasema Spana. Ametuuliza kibao chako kimeandikwa nini. Tumeshindwa.

— Wote wanne?

— Wote wanne.

— Na ameandika?

— Ukurasa mzima.

Akaziba mdomo kwa kile kitambaa. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka mabega yanaruka. Akakaa ukingoni mwa benchi letu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

— Mmenisemea vizuri kuliko nilivyojisemea mwenyewe, akasema. Na kesho saa mbili asubuhi nawataka dukani, mmoja mmoja. Wakili wa kwanza.

— Mimi macho yangu mazima, akasema Wakili.

— Basi nisomee.

Wakili akakitazama kibao kwa muda mrefu.

— Saa mbili kamili, akauliza, au nitangulie kidogo?