Mama Felicitas Hyera na Kurasa Zinazoruka

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mama Felicitas Hyera anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Kamati ya sherehe imenipa nafasi hii katika jarida la ofisi niandike maneno matamu. Nitayaandika, ila machungu nayo yamo, na sitaomba radhi.

Mama Hyera alianza kazi hapa Tandika kampuni ilipokuwa ikichapa hadithi za kuchagua njia kwenye karatasi: ukitaka kuingia pangoni nenda ukurasa wa kumi na mbili, ukitaka kukimbia nenda wa ishirini. Yeye ndiye aliyegundua kwamba watoto wa Temeke walikuwa wakiambizana njia ya kushinda hata kabla ya kukifungua kitabu. Dada anamnong'oneza mdogo wake, mdogo anapita humo humo, na kurasa nyingine zinabaki mpya kama zilivyotoka kiwandani. Jambo hilo lilimuudhi kwa miaka.

Tulipohamia kwenye simu alijifunza kuandika skripti, yale maagizo mafupi yanayokaa nyuma ya ukurasa, akiwa na umri ambao wenzake walishaanza kuulizia mafao. Ndipo ukazaliwa mruko. Katika hadithi yake ya Bi Salsabil, msomaji akigonga mlango, skripti inabahatisha yenyewe ukurasa wa kumrushia: atafungua Bi Salsabil, au atafungua mwizi, au nyumba itakuwa tupu. Dada hana tena cha kunong'ona. Watu wakaanza kubishana vibarazani, kila mmoja akiapa kwamba hadithi yenyewe ndiyo aliyoisoma yeye.

Mruko wa kwanza ulituumbua. Mama Hyera alisahau kuiagiza skripti ikumbuke nani ameshakufa. Basi Mzee Azzam wa hadithi hiyo akazikwa vizuri, na msomaji aliyerushwa ukurasa uliofuata akamkuta jikoni akipakua pilau ya hitma yake mwenyewe. Simu za wasomaji zililia siku nzima, na mmoja aliuliza tu kama pilau ilitosha. Mama Hyera alicheka mpaka akakaa chini, kisha akairekebisha. Tangu hapo marehemu wetu wote wametulia.

Sasa uchungu wenyewe. Shule moja ya Mbezi Beach inayonunua hadithi zetu imelalamika kwamba mwalimu akiuliza kwenye mtihani nani alifungua mlango, darasa linatoa majibu matatu na yote ni sahihi. Meneja wetu, ndugu Aiman, amekubali miruko yote ifutwe kuanzia Jumatatu. Jumatatu! Hata kiti cha mama wa watu hakijapoa. Wameshindwa kumwambia usoni, wakaona bora akate keki kwanza. Mimi nauita woga.

Lakini ofisi yetu haina siri. Mama Hyera alimfuata Aiman mezani kwake akamwuliza, "Kwani nyie mkiamka asubuhi mnajuaga siku itaishaje?" Aiman akajibu, "Mama, ishu si wewe, ishu ni mtihani."

Nimekasirika, na nimelala na hasira hiyo wiki nzima. Mtoto amesoma kwa moyo, amemwogopa mwizi kwelikweli, halafu jibu lake linageuzwa kosa kwa sababu mwenzake alifunguliwa na Bi Salsabil. Swali ndilo bovu, inafutwa hadithi! Si mwalimu angeuliza tu, wewe ulifunguliwa na nani, na ukafanya nini? Kazi ya maisha ya mtu inavunjwa ili usahihishaji uwe mwepesi, na sisi tunatakiwa kupiga makofi.

Kazi ya kufuta nimepangiwa mimi, Bahiya, ninayerithi meza yake. Kwa kuwa Meneja hulisoma jarida hili, namjibu humu humu: sifuti. Akitaka ampe mwingine, na huyo mwingine aje aniombe nywila ya skripti mbele ya wafanyakazi wote.

Mama Hyera, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Nenda nyumbani kwako Segerea ukalale mpaka jua lichomoze, wajukuu wakuchoshe, na afya isikutupe mkono. Jumatatu asubuhi ukishakunywa chai, fungua simu yako ukagonge ule mlango wa Bi Salsabil. Sijui atakufungulia nani.